Antibiotiki za mtoto nyumbani: maswali tunayoulizwa kila siku kwenye dirisha la dawa

Mzazi anapofika kwenye dirisha la dawa huwa amechoka. Ameamka alfajiri na mtoto mwenye homa mgongoni, amepanga foleni ya kadi, ya daktari, ya maabara, na sasa ya dawa. Anakabidhiwa chupa na maneno machache, "kijiko kimoja, mara tatu, siku tano", na nyuma yake kuna watu wanaosukumana. Anaondoka. Maswali yanamjia akiwa kwenye daladala au usiku mtoto anapotema dozi ya kwanza.

Nimekaa upande wa ndani wa dirisha hilo miaka mingi, na ninachokiamini ni hiki: makosa mengi ya dawa nyumbani hayatokani na uzembe wa mama. Yanaanzia kwetu, kwenye maelezo ya nusu dakika. Kwa hiyo majibu yafuatayo ni yale ambayo ningempa kila mzazi kama foleni ingeniruhusu. Kiasi cha dawa cha mwanao ni kile kilichoandikwa kwenye cheti chake. Namba ninazozitaja hapa ni za kukusaidia kuelewa, si za kujiandikia dawa.

Kwenye mfuko wa dawa wameandika "5ml x 3 x 5/7". Nisomeje?

Soma kuanzia kushoto. Namba ya kwanza ni kiasi cha kumpa kwa mara moja, hapa mililita 5. Ya pili ni mara ngapi kwa siku, yaani mara tatu. Hiyo 5/7 ndiyo inayowachanganya wengi. Ni hesabu ya siku: siku 5 kati ya 7 za wiki. Ukiona 3/7 ni siku tatu, na 7/7 ni wiki nzima.

Kwa vidonge ni hivyo hivyo. 1x2 ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. 2x1 ni vidonge viwili kwa pamoja, mara moja tu kwa siku. Watu huzigeuza, na dawa inaharibika hapo. Wengine huandika kwa herufi: OD ni mara moja kwa siku, BD mara mbili, TDS mara tatu, QID mara nne.

Kama hausomeki, urudishe mfuko palepale na uombe uandikiwe kwa maneno. Hakuna mtoa dawa mwenye akili timamu atakayekukasirikia kwa hilo, na hata akikunja uso, simama hapo hapo hadi akuandikie.

Nimeambiwa nimpe "kila baada ya saa nane". Basi ni saa nane mchana na saa nane usiku?

Hapana, na swali hili linaniuma kila ninapolisikia. Alikuja mama mmoja siku ya tatu, mtoto bado anachemka. Tulipomhoji tukakuta amekuwa akimpa dawa saa nane mchana na saa nane usiku. Aliweka kengele ya simu, akaamka usiku wa manane, hakukosa hata mara moja. Alikuwa amefanya kwa uaminifu kuliko wazazi wengi, na mtoto alipata dozi mbili badala ya tatu kwa sababu sisi tulisema sentensi yenye maana mbili.

"Kila baada ya saa nane" ni pengo la saa nane kati ya dozi na dozi. Mfano rahisi: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Kama ni mara mbili kwa siku, pengo ni saa kumi na mbili: saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Mara nne, pengo la saa sita: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Ukitumia kengele ya simu kumbuka kwamba simu husoma 06:00 pale sisi tunaposema saa 12 asubuhi.

Sababu ya mapengo hayo ni kwamba dawa kama amoksilini, antibiotiki inayoandikwa sana kwa watoto, hutoka mwilini haraka kwa njia ya mkojo. Ukimpa dozi zote tatu mchana, asubuhi, adhuhuri na jioni mapema, usiku mzima vijidudu vinabaki bila kuguswa. Nusu saa mbele au nyuma haina neno.

Nimepewa chupa yenye unga. Nauchanganya vipi?

Mwombe mtoa dawa akuchanganyie, kama unaanza dozi mara ukifika nyumbani na kama ni chupa moja. Ukipewa chupa mbili, ya pili ibaki unga hadi ya kwanza iishe, maana ikishaguswa na maji siku zake zinaanza kuhesabika.

Ukichanganya mwenyewe, chemsha maji ya kunywa na uyaache yapoe kabisa. Maji ya moto huharibu dawa. Gonga chupa kiganjani ili unga uliogandia chini uachie. Tafuta mstari: kwenye chupa nyingine umechongwa kwenye kioo, kwenye nyingine ni mshale juu ya karatasi ya lebo. Tia maji kama nusu ya kufikia mstari, funga, tikisa kwa nguvu hadi usione bonge lolote. Povu litajaa. Subiri litulie, na hapa ndipo wengi hukosea: wanaona povu limefika kwenye mstari wanadhani dawa imefika. Povu likishuka, ongeza maji hadi dawa yenyewe iguse mstari, kisha tikisa tena.

Maji yakizidi, kila kijiko kinakuwa na dawa pungufu. Yakipungua, kijiko kinakuwa na dawa kupita kiasi na chupa inaisha kabla ya siku zake. Usichanganye kwa soda, juisi wala maziwa. Andika tarehe kwenye lebo kwa kalamu. Na kila unapompa, tikisa kwanza, kwa sababu dawa huzama chini. Asiyetikisa humpa mtoto maji matamu siku za mwanzo na dawa nzito siku za mwisho.

Chupa moja itatosha dozi nzima?

Piga hesabu kabla hujaondoka dirishani. Chupa ya mililita 100 ina vipimo 20 vya mililita 5. Mtoto aliyeandikiwa 5ml mara tatu kwa siku tano anahitaji mililita 75, inatosha na kubaki. Siku saba ni mililita 105, haitoshi. Chupa ya mililita 60 ina vipimo 12 tu, kwa hiyo kwa mara tatu kwa siku inakwisha siku ya nne.

Nimeona wazazi wakidhani chupa ikiisha ndiyo dozi imeisha. Na nimeona wengine wakiendelea kumpa mtoto siku ya nane na ya tisa kwa sababu chupa bado ina dawa. Kinachotawala ni siku zilizoandikwa. Chupa ni chombo tu.

Sina friji. Dawa niiweke wapi?

Soma lebo kwanza, dawa hazifanani. Amoksilini ya kawaida iliyochanganywa hukaa vizuri mahali pa baridi penye kivuli, na lebo itakwambia ni siku 7 au 14. Ile iliyounganishwa na asidi ya klavulaniki (lebo huandika "clavulanic acid" au "clavulanate") ni dhaifu zaidi: inahitaji friji, na baada ya siku 7 ni ya kutupa. Kama umeandikiwa hiyo na huna friji, sema palepale dirishani. Pengine kuna vidonge vya kuyeyusha, pengine jirani ana friji. Kunyamaza ndiko kunakoharibu.

Kwa zile zisizolazimisha friji, funga chupa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni, iweke ndani ya chungu kitupu kilichokaa kwenye beseni lenye maji, sakafuni, mbali na jua na jiko. Si dirishani, si juu ya kabati chini ya bati linalowaka saa saba mchana. Na iwe mahali ambapo watoto hawafiki, kwa kuwa dawa hizi zina ladha ya matunda na mtoto hajui kwamba si juisi.

Kijiko cha chai si ndicho mililita 5?

Kwenye vitabu ndiyo. Jikoni kwako sivyo. Vijiko vya chai vya nyumbani hutofautiana sana, kimoja hubeba karibu mililita 3, kingine kinafika 7. Na ukiambiwa "kijiko kimoja" nyumbani, bibi anaweza kuchukua cha chakula, ambacho ni kama mara tatu ya kile cha chai.

Tumia kikombe kidogo au kifuniko cha kipimo kinachokuja na chupa, ukisome kikiwa mezani na jicho lako likiwa usawa wa mstari, si kwa kukitazama kutoka juu. Kilicho bora zaidi ni bomba la sindano lisilo na sindano, la mililita 5 au 10. Linauzwa bei ndogo duka la dawa. Omba mtoa dawa akuchoree mstari kwa kalamu pale dawa inapotakiwa kufika, kisha mwonyeshe wewe mwenyewe unavyovuta. Ukishafanya mara moja mbele yake hutakosea nyumbani. Lioshe kwa maji safi baada ya kila dozi.

Mtoto ana nimonia na nimepewa vidonge badala ya dawa ya maji. Atamezaje?

Hamezi. Hivyo ni vidonge vya amoksilini vya kuyeyusha, kila kimoja miligramu 250, na ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyopendekeza kwa nimonia ya watoto chini ya miaka mitano. Havihitaji friji na ni vyepesi kubeba. Na kwa kuwa vinahesabika, hakuna ubishi wa kijiko. Binafsi nikiwa na hiari navipenda kuliko chupa.

Weka kidonge kwenye kikombe kidogo safi, tia maji yaliyochemshwa yakapoa, kiasi cha vijiko viwili vitatu vya chai. Kwa mtoto anayenyonya unaweza kutumia maziwa ya mama uliyoyakamua. Subiri kidogo, zungusha kikombe, kitasambaratika chenyewe. Mpe yote. Kisha tia maji kidogo tena, suuza kilichogandia pembeni, mpe na hayo. Usiyeyushe cha jioni asubuhi ukakiweka.

Usishtuke ukiona vidonge vingi. Kwa nimonia, mtoto wa kilo 4 hadi chini ya 10 huwa kidonge kimoja mara mbili kwa siku, wa kilo 10 hadi chini ya 14 viwili mara mbili, na wa kilo 14 hadi 19 vitatu mara mbili. Ndiyo maana tunauliza uzito. Njoo na kadi ya kliniki kila mara, na kama mtoto hajapimwa uzito siku hiyo, omba apimwe.

Kapsuli za watu wazima ni jambo lingine. Kufungua kapsuli na kugawa unga kwa macho juu ya sahani, nusu ya mkubwa nusu ya mdogo, si kipimo. Usifanye.

Anatema. Anafunga mdomo. Nimshike pua?

Usimbane pua wala kumlaza chali na kumimina. Dawa inaweza kuingia njia ya hewa, na mtoto mwenye nimonia hana pumzi ya ziada ya kupoteza.

Mpakate akiwa ameketi, mgongo wake kwenye kifua chako, mkono wake mmoja ukiwa nyuma ya kwapa lako. Ingiza ncha ya bomba pembeni, kati ya shavu na fizi, si katikati ya ulimi. Sukuma kidogo, ngoja ameze, sukuma tena. Mililita 5 zinaweza kuchukua dakika mbili, na ni sawa. Mtoto mkubwa mwambie ukweli: ni dawa, ni chungu kidogo, ukimaliza utakunywa maji. Usimwambie ni pipi, kwa sababu kesho ataitafuta peke yake.

Kuichanganya na kijiko kimoja cha uji uliopoa kwa kawaida si vibaya kwa amoksilini. Kuitia kwenye bakuli zima la uji au chupa nzima ya maziwa ni kosa, kwani asipomaliza hujui amekunywa dawa kiasi gani.

Ametapika baada ya kunywa. Nirudie?

Akitapika ndani ya dakika 30, mtulize, ngoja kidogo, kisha mpe dozi ileile tena. Zikipita dakika 30, usirudie. Subiri dozi inayofuata kwa wakati wake. Akitapika na hiyo ya kurudia, au akiwa anatapika kila kitu hata maji na maziwa, rudi kituoni siku hiyohiyo. Mtoto asiyebakiza kitu tumboni hatibiki kwa dawa ya kunywa.

Nimesahau dozi moja.

Mpe unapokumbuka. Lakini kama dozi inayofuata imekaribia sana, acha hiyo iliyopita na uendelee na ratiba. Usimpe mbili kwa mpigo kufidia.

Mchana niko kazini, mtoto anabaki na dada wa kazi. Nifanyeje tusichanganyane?

Hapa ndipo ninapoona makosa mengi kuliko mahali popote, na si kwa dada tu. Mama ametoa asubuhi kabla ya kuondoka, dada hakumwona, anatoa tena. Au baba anarudi jioni, anauliza "amekunywa dawa?", mtoto wa miaka minne anajibu hapana kwa sababu dawa ni tamu.

Chukua karatasi, ibandike ukutani karibu na dawa ilipo. Andika siku kushuka chini, na saa za dozi kwenda pembeni. Anayempa ndiye anayetia alama, palepale, kabla hata hajafunga chupa. Hakuna alama, hakuna dawa iliyotolewa. Kwa siku tano mara tatu ni visanduku 15. Mwonyeshe dada kwa vitendo jinsi ya kuvuta bomba hadi kwenye mstari, mwache afanye mbele yako, na umwambie bila kumtisha kwamba akikosea akupigie simu. Dada anayeogopa kugombezwa ataficha, na kitakachofichwa ni dozi.

Nampa akiwa amekula au tumbo tupu?

Amoksilini haichagui. Yenye klavulaniki ni bora mwanzoni mwa mlo, haisumbui tumbo sana. Ampisilini na kloksasilini ndizo zinazotaka tumbo tupu, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Kunyonya kusisimame kwa dawa yoyote kati ya hizi.

Nikinywa mimi dawa, mtoto si ataipata kwenye maziwa?

Haitoshi kumtibu. Kinachopita kwenye maziwa ni kidogo mno. Mtoto anapewa dozi yake mwenyewe, na mama anaendelea kunyonyesha.

Anaweza kunywa na parasetamoli? Na mseto? Na Septrini yake ya kila siku?

Parasetamoli ndiyo, kwa kiasi cha uzito wake, na isizidi mara nne kwa siku. Inashusha homa tu, haigombani na antibiotiki. Mseto hutolewa kama kipimo kimeonyesha malaria. Mtoto anaweza kuwa na malaria na nimonia kwa pamoja na akapewa vyote viwili na daktari. Mseto si antibiotiki na antibiotiki si mseto, kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU ambaye amewekwa kwenye Septrini, antibiotiki anayopewa kama kinga ya maradhi, aendelee nayo kila siku. Usiisimamishe kwa sababu ameanza amoksilini, ila mweleze daktari kwamba anaitumia.

Dawa za miti shamba ziweke kando hadi amalize.

Siku ya pili homa imeshuka, anacheza. Naweza kuacha ili nibakize akiba?

Nafahamu linatoka wapi swali hili. Fedha ni ngumu, na dawa iliyobaki inaonekana kama akiba. Lakini homa kushuka maana yake ni kwamba vijidudu vimepungua, si kwamba vimekwisha. Vinavyobaki mwishoni mara nyingi ndivyo vigumu. Siku alizoandika daktari zinategemea ugonjwa: tatu, tano, saba, kwa maradhi mengine kumi. Maliza hizo, usipunguze, na usiongeze vilevile.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya jambo hili kwenye hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1945: kwamba dozi ndogo zisizotosha huvifundisha vijidudu kuvumilia dawa. Usugu wa dawa sasa ni msiba wenye hesabu. Kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022, mwaka 2019 pekee watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa maambukizi sugu.

Kwa sababu hiyohiyo usinunue "ya elfu moja" dukani. Nusu dozi si nafuu. Kama fedha haitoshi, mwambie mtoa dawa. Mara nyingi ipo aina nyingine ya dawa ileile yenye bei ya chini, na dozi ikawa kamili.

Jirani ana chupa ileile imebaki. Si niitumie?

Si ileile. Tazama maandishi madogo: chupa moja ina miligramu 125 kwenye mililita 5, nyingine 250 kwenye mililita 5. Kijiko kilekile, dawa maradufu. Zaidi ya hapo hujui ilichanganywa lini. Na mtoto wa jirani alikuwa na ugonjwa wake.

Kuna dawa nyingine ambazo mtoto hapaswi kabisa kupewa kutoka kwenye droo ya nyumbani, kama tetrasaiklini, ambayo huacha madoa ya kudumu kwenye meno ya mtoto wa chini ya miaka minane.

Kwa nini hakupigwa sindano? Au kupewa dawa kali zaidi?

Wazazi wengi huamini sindano ndiyo matibabu na ya kunywa ni ya kupoza. Kwa nimonia ya mtoto anayeweza kunywa na asiye na dalili za hatari, amoksilini ya kunywa inafanya kazi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ilibadilishwa kwa msingi huo, hata kwa mtoto ambaye kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi lakini hana dalili nyingine ya hatari. Sindano ni kwa mtoto asiyeweza kumeza, au aliyezidiwa.

"Dawa kali" nayo si sifa. Azithromaisini na sefiksimu zipo kwenye kundi ambalo linatakiwa kutunzwa kwa maradhi maalumu. Ukizitumia kwa kila kikohozi, siku mwanao atakapozihitaji kweli hazitamsikiliza.

Ana mafua na kikohozi, daktari amekataa kuandika antibiotiki. Ni sawa?

Mara nyingi ndiyo, na daktari huyo mheshimu. Mafua husababishwa na virusi, na antibiotiki haigusi virusi. Kadhalika kuharisha maji maji kwa kawaida: dawa yake ni ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuyeyusha kwenye maji) na zinki. Mtoto mwenye mafua apewe maji, anyonye zaidi, puani asafishwe. Asali kidogo inatuliza kikohozi kwa aliyezidi mwaka mmoja. Chini ya hapo usimpe, inaweza kumletea sumu.

Na niseme hili waziwazi: usimpeleke kukatwa kimeo. Kikohozi hakitoki kwenye kimeo. Kisu hicho huleta damu na maambukizi kwa mtoto aliyekuja na kikohozi tu, na siku zinazopotea huko ni siku ambazo nimonia inakua.

Ameanza kuharisha tangu aanze dawa. Na vipele?

Kuharisha kidogo ni kawaida kwa antibiotiki nyingi. Endelea na dozi, mpe ORS na ziada ya kunyonya au maji. Ukiona damu kwenye choo, au macho yamebonyea na anazidi kulegea, mrudishe.

Vipele vina sura mbili. Vikitokea mabaka yaliyovimba yanayowasha, midomo au macho yakivimba, au akianza kukoroma na kubanwa pumzi, hiyo ni mzio: acha dawa na ukimbie hospitali iliyo karibu. Vipele vidogo bapa vinavyojitokeza siku ya tano au ya saba mtoto akiwa mchangamfu mara nyingi si mzio, lakini aone daktari kabla ya dozi inayofuata. Mzio ukithibitishwa, omba uandikwe kwenye kadi yake na jina la dawa, na uutaje kila unapofika kituo chochote.

Nijuaje kwamba dawa haifanyi kazi?

Mpe siku mbili hadi tatu. Mtoto wa nimonia ndani ya muda huo anatakiwa kupumua taratibu zaidi, homa kupungua, kula kurudi. Asipobadilika hadi siku ya tatu, rudi, hata kama dozi haijaisha.

Usingoje siku yoyote ukiona haya: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri, kifua kinabonyea ndani, anakoroma akivuta pumzi akiwa ametulia. Hesabu pumzi kwa dakika moja kamili mtoto akiwa hajalia, ukitazama tumbo linavyopanda: kwa mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya mwaka, 50 au zaidi ni haraka, kwa wa mwaka 1 hadi kabla ya miaka mitano, 40 au zaidi. Na mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa hapitii duka la dawa. Aende moja kwa moja kituoni.

Saa nne usiku amelala fofofo. Nimwamshe?

Mwamshe nusu. Mnyanyue akae begani, bomba shavuni, taratibu, ameze, mrudishe kitandani. Ukiona kila usiku ni vita, sogeza ratiba yote ianze saa 11 alfajiri, iende saa 7 mchana, imalizie saa 3 usiku kabla hajazama kwenye usingizi.

Dozi imekwisha na dawa imebaki.

Usiitunze. Uliza kama duka la dawa au kituo kinapokea dawa za kutupa. Kisipopokea, ichanganye na majivu au udongo ndani ya mfuko, ufunge, uitupe pasipofikiwa na watoto wala kuku. Futa lebo kwanza, chupa zenye lebo huokotwa.

Siku tano zimeisha, homa hakuna, anakula, ila bado anakohoa kidogo.

Kifua kinachukua muda kujisafisha, na kikohozi chepesi kinaweza kuchelewa nyuma ya ugonjwa. Usirudie dozi nyingine kwa sababu hiyo. Lakini hesabu siku tangu alipoanza kukohoa: zikizidi 14, mrudishe akapimwe kifua kikuu na pumu. Mwambie daktari ni dawa gani alikunywa, na nenda na ile karatasi ya ukutani yenye alama.